Darasa linawaka moto saa tano: tununue viyoyozi au tushughulikie bati?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku Pangani, mkoani Tanga. Tuna vyumba vinne vya zamani, vimeezekwa bati tupu, dari hakuna. Ikifika saa tano watoto wanasinzia, wengine wanalalamika kichwa, na chumba kimoja kina watoto hadi 90. Waliosoma hapa zamani wamechangishana, wanataka kutununulia viyoyozi. Tena tuko mbioni kujenga vyumba vipya viwili: wananchi tutapandisha maboma, halmashauri imeahidi kuezeka na kumalizia. Kijana wetu mmoja ametuonyesha kwenye simu picha za shule ya udongo ya Burkina Faso inayosifiwa kuwa haina joto. Fedha za viyoyozi tuzipokee? Na hivyo vipya tuvijengeje visije vikawa kama hivi vya zamani?

Jibu: Mwenyekiti, habari za Pangani, na poleni na joto. Fedha zipokeeni kwa mikono miwili, ila viyoyozi msinunue. Waombeni wahisani wenu wakubali ziende kwanza kwenye paa la vyumba vya zamani, kisha kwenye madirisha, na kitakachobaki kiwe cha mapangaboi. Kwa vyumba vipya, uamuzi mkubwa kuliko yote hauna gharama: ni upande gani vitazame. Uamuzi huo hufanywa siku fundi anapofunga kamba za kuseti msingi, na siku hiyo ikishapita imepita. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa mkizijua mtaweza kujibizana na fundi, mfadhili na hata mhandisi watakapokuja na wazo jingine.

Tuanze na joto lenyewe linakotoka. Chukua chumba cha mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Adhuhuri ya Februari, mawingu yakiwa hayapo, jua linamwaga karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa bati la chumba kimoja hiyo ni kama wati 60,000. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya miale, lakini joto linaloliingia huliachia angani polepole sana. Bati lililoshika kutu humeza miale mingi zaidi. Yote mawili, ukiyapima saa saba mchana, unaweza kuyakuta yamepita nyuzijoto 60. Likipenya hata fungu moja tu katika kumi la jua lile, ni wati 6,000 zinazowashukia watoto vichwani, na vichwa vyenyewe ndiyo hivyo vimenyolewa kwa amri ya shule.

Chanzo cha pili ni watoto wenyewe. Mtoto aliyeketi hutoa joto la wati 70 hivi. Watoto 45, ambao ndio idadi iliyowekwa na serikali kwa chumba kimoja cha msingi, hutoa wati 3,150. Ni sawa na kuwasha pasi tatu za umeme ndani ya chumba na kuziacha mpaka kengele ya kutoka. Kwenu wakiwa 90, ni pasi sita. Kwa hiyo hata mkijenga paa zuri kuliko yote duniani, bado mna joto la kuliondoa, na njia ya kuliondoa ni upepo unaoingia huku na kutokea kule.

Kuna jambo moja kuhusu bati ambalo watu wengi hawalioni. Ingia darasani saa saba mchana, kiganja kitazame juu, kisha kigeuze kitazame sakafu. Kikitazama juu utahisi kinachomwa, ilhali hewa ya pale ni ile ile. Hiyo ni miale ya joto inayotoka kwenye bati moja kwa moja hadi kwenye ngozi, haisubiri hewa ipate moto. Ndiyo sababu kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzijoto 33, sawasawa na chini ya mwembe uwanjani, lakini walioko chini ya mwembe wanacheza na walioko darasani wanasinzia. Mkiwaambia watoto hao ni wavivu mnawaonea. Mwili wa mtoto unapopambana na joto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi, jasho linamtoka, na huku pwani jasho lenyewe halikauki upesi kwa kuwa hewa imejaa unyevu.

Hasara yake kwenye masomo imepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani, akiwemo Jisung Park, walichapisha uchambuzi wa matokeo ya mitihani ya wanafunzi milioni 10 wa sekondari. Katika shule zisizo na viyoyozi, kila mwaka wa masomo ulipozidi joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, ambayo ni kama nusu nyuzi ya Selsiasi na kidogo, wanafunzi walipoteza kama asilimia 1 ya mafunzo ya mwaka ule. Jirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule nchi nzima Machi 2024 kwa sababu ya joto, na Februari 2025 wakazifunga tena baada ya wanafunzi kuzimia jijini Juba. Hapo mtaona kuwa kamati inayojadili bati na dari inajadili taaluma.

Wahisani wenu wanaweza kusema utafiti huo huo wa Marekani ulionyesha viyoyozi viliondoa karibu hasara yote. Ni kweli. Lakini hesabu ya chumba chenu ni nyingine. Watoto 90 wanatoa wati 6,300. Ongeza 6,000 za bati, zinakuwa wati 12,300. Kwa BTU, kipimo kinachotumika kuuzia viyoyozi, tayari mnahitaji kiyoyozi cha 42,000, na hapo bado hatujagusa joto la kuta wala la hewa inayoingia mlango ukifunguliwa. Viyoyozi vya kawaida dukani ni vya 9,000, 12,000 na 24,000. Mtafunga viwili vikubwa kwa kila chumba, vitakula yuniti zisizopungua 20 za LUKU kwa siku moja ya masomo, na kwa bati tupu lisilo na dari bado havitashinda. Baya zaidi, kiyoyozi kinataka madirisha yafungwe. Hewa ya nje kwa sasa ina kama sehemu 420 za kaboni dioksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, katika kila milioni. Ukiwafungia watoto 90 ndani ya chumba cha ukubwa ule, kiwango kitapita 2,000 kabla ya nusu saa kwisha, na kila anayekohoa atakuwa anawakoholea wenzake wote. Mtakuwa mmeondoa usingizi wa joto, mkaleta usingizi wa hewa nzito, na mlango wa kifua kikuu mmeufungua.

Sasa vyumba vya zamani. Kazi ya kwanza ni kulipaka bati rangi nyeupe kwa nje. Rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya theluthi mbili ya miale, na tofauti na bati linalong'aa, joto lililobaki huliachia angani upesi. Kwanza kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, bati lioshwe, lipakwe praima ya bati, ndipo rangi yenyewe ije mara mbili. Chokaa peke yake msipake, masika itaiosha yote. Kama mnavuna maji ya mvua kutoka kwenye paa hilo, nunueni rangi isiyo na madini ya risasi, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe. Tahadhari nyingine: baadhi ya shule za zamani ziliezekwa kwa asbesto, zile bati nene za kijivu zinazovunjika kama kigae. Ikiwa mnazo hata kwenye chumba kimoja, msisugue, msitoboe, mwiteni mhandisi wa halmashauri.

Kazi ya pili ni dari, na hapa ndipo fedha nyingi huharibika. Watu hupiga silingi bodi, wakaziba kila upenyo hadi kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, halafu wanashangaa joto limebaki. Nafasi iliyo kati ya bati na dari isipopumua inageuka tanuri, na baada ya saa chache dari yenyewe inaanza kurusha joto chini. Acheni matundu chini ya kingo za paa pande zote mbili, na mengine juu kwenye kuta za ubavuni karibu na kofia ya bati, ili hewa baridi kidogo iingie chini na ya moto itokee juu. Matundu yote yawekwe wavu wa chuma wa matundu madogo, tena mkubwa wa kazi awepo siku unapopigiliwa. Mkiacha upenyo wa vidole viwili tu, popo wataingia, na dari yenye popo huishia kubomolewa kwa harufu. Mafundi wakiweza kupata foili ya aluminiamu ya kuezekea, itandikwe chini ya bati, upande unaong'aa ukitazama chini. Wengi huuweka juu, vumbi linaufunika, na foili inakuwa haina faida tena.

Kama fedha zinatosha rangi tu au dari tu, anzeni na rangi kwa vyumba vyote vinne. Ni nafuu na inamfikia kila mtoto. Dari ianze kwa chumba chenye watoto wengi zaidi.

Madirisha nayo yana hesabu yake, na naomba muifanye wenyewe kwa futi kamba, maana ndiyo inayowafumbua wazazi macho kwenye kikao. Kuondoa joto la watoto 45, hewa ya ndani isizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi 2, kunahitaji mita za ujazo 1.3 za hewa kila sekunde. Upepo ukipenya dirishani kwa mwendo mdogo wa nusu mita kwa sekunde, mnahitaji uwazi wa mita za mraba 2.6 upande unaoingilia na mwingine wa 2.6 upande unaotokea. Kwa watoto 90, zidisha mara mbili: 5.2 kila upande. Sasa tazameni dirisha la kisasa la aluminiamu, la kusukuma pembeni. Ukuta wenye madirisha manne ya mita 1.5 kwa 1.2 una mita za mraba 7.2 kwenye ramani. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo zimebaki 3.6. Mkipigilia wavu wa mbu, upepo unaopita hupungua tena kwa karibu nusu, ni kama mmebaki na 1.8. Ramani inasema 7.2, mtoto anapata 1.8.

Kwa hiyo, kwa shule ya kutwa ya pwani, mimi dirisha la kusukuma silitaki. Wekeni luva, au madirisha ya mbao au ya chuma yenye milango miwili inayofunguka yote. Nondo za kuzuia wezi hazina tatizo. Wavu uwe kwenye mabweni wanakolala watoto usiku. Na kimo cha kizingiti cha chini kisizidi sentimita 80 au 90. Kuna mazoea ya kuyapandisha madirisha hadi mita 1.4 ili watoto wasichungulie nje. Mtoto aliyeketi, kichwa chake kiko chini ya hapo, kwa hiyo upepo wote unampita juu na mwalimu aliyesimama ndiye pekee anayepata nafuu. Juu ya lenta, wekeni safu ya matofali ya matundu pande zote mbili, ili joto linalopanda lipate pa kutokea hata mvua inaponyesha na madirisha yamefungwa.

Vyumba vya zamani vikiwa na madirisha upande mmoja tu, kutoboa ukuta wa pili kunaleta nafuu kubwa kuliko kifaa chochote cha umeme. Lakini fundi asitoboe kabla mhandisi hajaonyesha wapi, na lenta itakavyobebwa.

Tuje kwenye vipya. Pangani iko kama nyuzi 5.4 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wenu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni linaelekea kaskazini, Desemba linaelekea kusini, na miezi yote asubuhi linatoka mashariki na jioni linazama magharibi likiwa chini. Jua lililo juu ni rahisi kulizuia, kibaraza cha paa kinatosha. Jua lililo chini halizuiliki kwa paa lolote, linaingia dirishani moja kwa moja mpaka kwenye daftari. Kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi za ubavuni zitazame mashariki na magharibi, bila dirisha hata moja, zimepigwa plasta na kupakwa rangi nyeupe.

Bahati ya pwani yetu ni kwamba upepo unakubaliana na jua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, yaani muhula wa kwanza, wakati joto liko kileleni. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Jengo likilala mashariki-magharibi, pepo zote mbili zinalipiga mshazari kwenye kuta za madirisha, na upepo wa mshazari huingia vizuri kabisa. Mabaharia wenu wa Pangani wanazijua pepo hizi kuliko mimi. Waulizeni pale kiwanjani kaskazi hasa inaingia kwa upande gani, maana kilima, minazi au jengo la jirani vinaweza kuigeuza. Majengo mawili msiyapange moja nyuma ya jingine kwa karibu, kwa sababu la mbele litalinyima la nyuma. Yapisheni kidogo, na kati yake pawe na mita 12 au zaidi. Umbo la herufi U, ambalo shule nyingi hulipenda kwa ajili ya paredi, huacha sehemu moja ya jengo ikitazama jua la jioni na nyingine ikikosa upepo.

Kibaraza cha paa nimekipigia hesabu kwa latitudo yenu, kwa dirisha ambalo kizingiti chake kiko mita 1.6 chini ya ukingo wa paa. Upande wa kaskazini, varanda ya mita 1.8 inalizuia jua la Juni kuanzia kama saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi alasiri, yaani muda wote wa masomo. Upande wa kusini kibaraza cha mita 1 kinatosha karibu kutwa nzima. Pia kinawaruhusu kuacha madirisha wazi mvua ya wastani inaponyesha, na hilo kwa pwani ni jambo kubwa. Ramani za TAMISEMI mtakazopewa zina vipimo vyake, na maungo ya jengo msiyabadilishe kwa mdomo. Lakini mwelekeo wa jengo na urefu wa kibaraza ni mambo ambayo mhandisi wa halmashauri anaweza kuyazungumza nanyi kabla ya kazi kuanza. Kibaraza kikirefuka, kenchi zifungwe barabara kwenye lenta kwa nondo au mikanda ya chuma, kwa sababu upepo unaoingia chini ya kibaraza hulinyanyua paa.

Kuhusu bati, nasikia mara nyingi watu wakisema geji 28 ina baridi kuliko geji 30. Unene huo unaongeza umri wa bati, joto haliupunguzi. Kinachopunguza joto ni rangi. Bati la damu ya mzee au bluu iliyoiva linapendeza barabarani, ila linameza jua. Halmashauri ikiwaruhusu kuchagua, chagueni nyeupe au rangi ya maziwa.

Sasa ile shule ya Burkina Faso. Naamini kijana wenu amewaonyesha shule ya msingi ya Gando. Aliisanifu Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, ikakamilika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo 2004. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kuu ya usanifu majengo duniani. Wanakijiji walifyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, wakajenga kuta nene, wakaweka dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, halafu bati likanyanyuliwa juu kabisa ya dari hiyo kwa kenchi za nondo. Upepo unapita katikati ya bati na dari, kwa hiyo joto la bati halimfikii mtoto, na hewa ya moto ya darasani inapanda na kutokea darini. Hata kule Turkana, Kenya, chuo ambacho Kéré alikisanifu karibu na ziwa, kilichokamilika 2021, kina minara mirefu ya kutolea hewa ya moto.

Kutoka Gando chukueni paa. Ukuta mnene uacheni Gando. Ukuta mnene unafaa penye nchi kavu, ambako usiku unapoa sana: ukuta unapoa usiku kucha, mchana unachelewa kupata moto. Pangani, mchana wa Februari ni nyuzijoto 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 24. Ukuta wenu hautapata ubaridi wa kutosha wa kuweka akiba. Mtasema, mbona nyumba za mawe za mji wa zamani pale pale Pangani zina ubaridi? Zina ubaridi kwa sababu juu zimefunikwa kwa boriti na tabaka nene la mawe na chokaa, madirisha yake yana kivuli, na sebuleni wanakaa watu watano, si 90. Kwa maboma yenu, bloku za inchi 6 zinatosha, au matofali ya kufungamana ya udongo-saruji. Ukuta ulio kivulini hauna makuu. Fedha mtakayookoa hapo ipelekeni juu.

Makuti? Hakuna ezeko linalozuia joto vizuri kama makuti, na bibi zetu walijua walichokifanya. Lakini darasa la watoto 90 lenye milango miwili chini ya makuti makavu mimi siwezi kulipitisha, kwa sababu ya moto. Kwa banda la chakula lililo wazi pande zote, ezekeni makuti bila wasiwasi.

Miti ipandwe hasa upande wa magharibi, na mingine mashariki, mita 6 au zaidi kutoka ukutani ili mizizi isifike msingini. Mwarobaini na mkungu vinafaa. Mwembe una kivuli kizito lakini matawi yake hushuka chini na kuzuia upepo, kwa hiyo upunguzwe matawi ya chini hadi juu ya kimo cha madirisha. Ua wa michongoma ulio mbele ya madirisha ukatwe uwe mfupi. Na mbele ya madirisha msimwage zege wala kifusi cheupe, otesheni ukoka: ardhi tupu iliyopigwa na jua hupasha moto upepo kabla haujaingia ndani.

Mapangaboi yaje baada ya dari. Pangaboi halipozi hewa, linaisukuma tu, na hewa inayotembea mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi 3 hivi, kwa kuwa jasho linakauka. Chini ya bati tupu hufanya kinyume, linaichota hewa ya moto iliyokusanyika juu na kuishusha. Chumba cha mita 9 kwa 7 kinataka manne. Kila moja ni wati 70 hivi, yote manne yakizunguka kwa saa sita hayafiki yuniti 2. Mapanga yawe angalau mita 2.4 kutoka sakafuni. Taa zisiwe juu ya mapanga, maana kivuli kitakuwa kinakatakata juu ya daftari na ubao, na watoto wataumwa macho. Vile vipoza hewa vinavyowekewa maji vinauzwa sana siku hizi. Vinafaa Dodoma wakati wa kiangazi, pwani vinaongeza unyevu tu.

Kwa wasomaji walioko Njombe, Makete na nyanda nyingine za juu, msiyachukue haya yote kama yalivyo. Huko Juni na Julai watoto wanatetemeka, kwa hiyo jua la kaskazini liacheni liingie, dari iwepo ili ihifadhi joto la watoto wenyewe, na madirisha yawe na vioo vinavyofunga vizuri, huku matundu madogo ya juu yakibaki wazi kwa ajili ya hewa.

Mwenyekiti, kuna mambo matatu kamati yenu inaweza kuyaamua hata kesho na walimu. Sweta na soksi nzito ziwe hiari kuanzia Januari hadi Machi. Na hisabati, pamoja na kusoma na kuandika kwa madarasa ya chini, viwekwe kabla ya saa nne. Maji ya kunywa yawe darasani, si bombani tu upande wa pili wa uwanja.

Kabla hamjatumia shilingi, nunueni vipimajoto viwili vya bei nafuu. Kimoja kitundikeni nje kivulini, kingine ndani katikati ya chumba, kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi, mbali na ukuta. Msome vyote viwili saa tatu, saa tano na saa saba kwa wiki moja ya masomo, mkiandika idadi ya watoto waliomo. Ndani kukizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 2, jengo lina deni na fedha za wahisani zina kazi. Pimeni tena chumba cha kwanza baada ya kupakwa rangi, mkilinganisha na kile ambacho hakijapakwa. Karatasi hiyo wapelekeeni wahisani, itawaeleza kuliko barua yoyote kwa nini fedha zao zimepanda juu ya bati.

Na kwa vipya, kabla kamba hazijafungwa, nitumieni mchoro wa mkono tu wa kiwanja: kaskazini iko wapi, barabara, majengo yaliyopo, miti mikubwa, na upande ambao wazee wamesema kaskazi inaingilia. Nikiupata mapema nitawarudishia mpangilio wa vyumba viwili mkauonyeshe kwa mhandisi wenu wa halmashauri.